A Iliyopotea kwenye Ramani

Ramani ya treni za Boston ina mstari wa kijani unaogawanyika matawi manne, na kila tawi lina herufi yake: B, C, D na E. A hakuna. Nilikaa karibu mwaka mzima nikiitazama ramani hiyo kila alfajiri, nimebana mfuko wa chakula katikati ya miguu, nisiulize. Mgeni ana mengi ya kuuliza kabla hajafika kwenye alfabeti.

Aliyenijibu ni bibi ninayemhudumia. Kazi yangu ni kutunza wazee majumbani kwao, kazi ambayo Waafrika wengi ninaowajua huku wameipitia, wengine wakatoka, wengine tukabaki. Bibi huyu ana miaka tisini na kitu. Kazaliwa Newton, kaolewa Newton, na Mungu akijalia anataka kufia Newton, kwenye nyumba yake ya mbao upande unaoitwa Waban. Nimemfundisha kuitikia "marahaba" nikimwamkia asubuhi, naye huitikia kwa sauti kubwa kama askari anayeitwa jina gwarideni. Siku hiyo nilikuwa namchana nywele, nikamwuliza: Bibi, hivi A iko wapi? Akacheka mpaka chanuo likaanguka. "Ilikuwa inapita Newton Corner," akasema. "Waliiua mwaka 1969."

Ndivyo ilivyokuwa. Herufi zilipogawiwa mwaka 1967, A walipewa tramu za kwenda Watertown, zilizokuwa zikitoka chini ya ardhi katikati ya Boston, zikapanda juu, zikapita Newton Corner na kuishia Watertown. Miaka miwili baadaye, Juni 1969, abiria wakahamishiwa kwenye mabasi. Cha ajabu ni kwamba reli zenyewe hazikung'olewa. Zilibaki zimelala katikati ya barabara hadi miaka ya 1990, kwa sababu karakana ya tramu ilikuwa bado iko Watertown na magari yalihitaji njia ya kwenda kutengenezwa. Kwa robo karne watu wa mtaa ule walikuwa wakiona tramu tupu inapita mbele ya milango yao, na wao wamesimama wanangoja basi.

Mimi ni mtoto wa reli, na simulizi ya namna hiyo hainipiti. Nimekulia Tabora, baba yangu alikuwa mtu wa reli mpaka alipostaafu. Tabora ni njia panda: gari la moshi linatoka Dar es Salaam likiwa moja, likifika pale linakatwa, mabehewa haya ya Mwanza, yale ya Kigoma. Ukiwa mtoto unajua kwa mlio tu kama wanayakata au wanayaunganisha. Kishindo cha kuunganisha kinaanzia kwenye kichwa na kusafiri behewa kwa behewa hadi mwisho, kama mtu anayepigwa pasi mgongoni. Na watu wanangoja. Wanangoja saa nne, saa nane, mara nyingine usiku kucha, wamelala juu ya mizigo, akina mama wanauza asali, karanga na maembe, mtoto anaogeshwa kwenye beseni penye bomba. Kwetu stesheni si mahali pa kupita. Ni mahali pa kukaa.

Kwa hiyo nilipofika Newton na kukuta kituo cha treni ni kipande cha lami chenye kibanda cha vioo kinachotosha watu wanne waliopendana, nilidhani nimeshukia pasipo. Mji una watu karibu 89,000, nyumba zake bei yake siiandiki hapa nisije nikamtia baba presha, halafu stesheni ndiyo hii? Bibi ndiye aliyeniambia kwamba zamani haikuwa hii. Tangu hapo kila mapumziko yangu nimekuwa nikiyamalizia maktaba ya mji na kwa kutembea kwa miguu kufuata reli, zilizopo na zisizokuwapo.

Newton iko kilomita kama 11 magharibi mwa Boston. Si mji mmoja hasa. Ni vijiji 13 vilivyofungwa kamba moja, na kamba yenyewe ni reli. Kampuni ya Boston and Worcester ilifikisha treni West Newton Aprili 1834, wakati huko kwetu msafara wa pembe za ndovu kutoka Unyanyembe hadi pwani ulikuwa ni safari ya miezi. Mwaka uliofuata reli ikafika Worcester. Wenye kampuni walikuwa wanafikiria mizigo na safari za mbali. Lakini wakagundua jambo ambalo hawakulipanga: kuna watu wanaotaka kulala shambani na kufanya kazi mjini.

Ndipo ikaja tiketi ya msimu. Badala ya kulipa nauli kila siku, unalipa kwa mkupuo, unapunguziwa. Kule kupunguziwa kwa kubadilishana na malipo ya pamoja waliita kwa Kiingereza *commutation*, na huko ndiko lilikozaliwa neno *commuter*, jina la kila mtu anayekwenda kazini mjini na kurudi nyumbani jioni. Sisi Waswahili hatuna neno moja la mtu huyo. Dar es Salaam, treni ya abiria wa kila siku ilipoanza mwaka 2012 kutoka Stesheni hadi Ubungo, watu waliipa jina la waziri, wakaiita treni ya Mwakyembe, basi yakaisha. Lakini huyo mtu mwenyewe, anayeamka gizani Gongo la Mboto ili afike Posta, tunamjua sote, na babu yake kwa upande wa Marekani ni hawa wa West Newton.

Tawi la pili la reli lilipata uhai kwa changarawe. Mwaka 1852 reli nyingine ilifika Newton Upper Falls, kwenye maporomoko ya mto Charles palipokuwa na viwanda, mwaka uliofuata ikavuka mto kuingia Needham. Wakati huohuo Boston ilikuwa na ghuba ya matope nyuma yake, inanuka, nayo wakaamua kuifukia. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1850 vilima vya Needham vilichotwa kwa vijiko vya mvuke, vikapakiwa kwenye mabehewa, na treni za mchanga na changarawe zikawa zinapita Newton usiku na mchana, behewa 35 kwa mkupuo, kwenda kumwagwa baharini. Mtaa wa kifahari unaoitwa Back Bay leo umekaa juu ya vilima hivyo. Nikipita pale huwa najiambia: huu mlima umekuja kwa treni.

Reli ya changarawe ndiyo ninayopanda kila siku. Kampuni ya Boston and Albany, iliyozaliwa mwaka 1867 kwa kuiunganisha ile ya Worcester na nyingine, iliinunua mwaka 1883, ikaijenga upya na kuisogeza hadi Riverside ikutane na njia kuu. Mei 1886 mzunguko ukakamilika: treni inatoka Boston kwa njia hii, inauzunguka mji wa Newton, inarudi Boston kwa njia ile. Ukikata tiketi huna haja ya kuuliza inaelekea wapi, maana kote ni kwenu.

Na hapa ndipo napenda kukaa.

Kampuni hiyo ilimwendea H. H. Richardson. Huyu ndiye aliyejenga kanisa la Trinity la Boston, lililokamilika mwaka 1877, na kwa wakati ule hapakuwa na msanifu majengo Marekani aliyemzidi jina. Mtu wa aina hiyo unampa ikulu, unampa mahakama. Wao wakampa vibanda vya treni. Akaanza na Auburndale mwaka 1881, kisha Chestnut Hill, Eliot, Waban, Woodland. Alifariki Aprili 1886, ana miaka 47, wiki chache kabla ya mzunguko kufunguliwa, na ofisi iliyomrithi ikaendelea na Newton Highlands na Newton Centre. Bustani za kuzunguka stesheni walimwachia Frederick Law Olmsted, yule wa Central Park ya New York.

Nimezitazama picha zake mpaka nazijua kama nyuso za watu. Ni majengo mafupi, ya mawe mazito, yanafanana na mtu mnene aliyechuchumaa. Hayana mnara, hayana saa kubwa wala nguzo za kujitutumua. Kilichopo ni paa. Paa pana, linashuka chini sana, linatoka nje ya ukuta hatua nyingi na kwenda kuegemea nguzo za mbao, ili abiria akitoka chumba cha kungojea mpaka kwenye mlango wa behewa asiguswe na tone la mvua. Ndani kuna moto na benchi zilizojengwa ukutani. Kwa mtu aliyelelewa stesheni, sikuhitaji kusomewa kitabu cha usanifu. Richardson alijua kwamba nusu ya safari ya treni ni kungoja, akamjengea yule anayengoja.

Naandika hivi na najua kuna atakayesema: wale walikuwa matajiri, walijengewa kwa sababu walikuwa matajiri. Nusu ni kweli. Kampuni ilikuwa inauza viwanja vya Newton kwa njia ya stesheni zake, kama duka linavyopamba dirisha. Lakini paa lilikuwa moja. Aliyekuja kufua na kupika katika nyumba hizo alishukia palepale.

Halafu kuna majina. Ukipanda D kutoka mjini unapita Eliot, kituo kinachofuata ni Waban. John Eliot alikuwa mhubiri wa Kiingereza, na Waban alikuwa mkuu wa Wamassachusett, wenyeji wa asili wa nchi hii, ambaye mwaka 1646 Eliot alianza kuhubiri nyumbani kwake, hapahapa Newton. Eliot alitafsiri Biblia nzima kwa lugha yao, ikachapwa mwaka 1663, Biblia ya kwanza kuchapwa Amerika, na haikuwa ya Kiingereza. Watu wa Waban walihamishiwa Natick, na vita vya mwaka 1675 kati ya wenyeji na walowezi vilipozuka wengi wakafungiwa kisiwani bandarini, baridi na njaa vikawamaliza. Sasa mhubiri na mwenyeji wake ni vituo viwili jirani, na sauti ya mashine inawataja kwa zamu, mlango unafungwa, twende.

Tramu zilikuja kwa namna nyingine kabisa. Treni ilikuwa ya bwana mwenye saa ya mfukoni. Tramu ilikuwa ya watu wengine wote. Mwaka 1895 mji ulikata barabara pana ya bustani, Commonwealth Avenue, kutoka mpaka wa Boston hadi mto Charles upande wa Auburndale, ikipanda na kushuka vilima, na katikati yake wakaacha ukanda wa nyasi kwa ajili ya reli. Tramu za umeme zikaanza kupita mwaka 1896. Tatizo likajitokeza mara moja: asubuhi zimejaa, jioni zimejaa, Jumapili tupu. Na umeme umeshalipiwa.

Wenye kampuni wakafanya kile kilichofanywa na kampuni nyingi za tramu nchini Marekani wakati huo. Walijenga sababu ya kusafiri. Juni 1897, kule mwisho wa reli, ukingoni mwa mto, wakafungua Norumbega Park: bustani, wanyama wa kutazama, jukwaa la michezo ya kuigiza, mgahawa, na mitumbwi ya kukodi. Watu wa Boston waliosongamana kwenye vyumba vya joto walipanda tramu familia nzima, wakafika mwisho wa reli, wakakuta mto. Mitumbwi ilijaa mtoni mpaka ungeweza, anasema Bibi kwa kumnukuu mama yake, kuvuka bila kulowa. Mwanzoni mwa miaka ya 1900 polisi wa mto walikuwa wakiwakamata vijana kwa kubusiana ndani ya mtumbwi. Faini yake ilikuwa fedha nyingi kuliko mshahara wa wiki wa wengi wao.

Jina hilo la Norumbega nalo lina kisa. Profesa mmoja wa kemia wa Harvard, Eben Norton Horsford, alishikilia kwamba Wanorse wa zamani, mabaharia wa Skandinavia, walikuwa na mji wao pale mtoni, akajenga na mnara wa kumbukumbu ng'ambo ya pili, Weston, mwaka 1889. Mji huo haukuwahi kuwapo. Fedha ya kujengea mnara ilitokana na uvumbuzi wake mwingine uliokuwa wa kweli kabisa: beking pauda. Mama ntilie wote wa Tabora wanaoumua maandazi kwa kijiko cha ile poda nyeupe wana deni kwa mzee huyu, na hakuna anayemjua.

Bibi hakuzipanda tramu za Commonwealth Avenue. Ziliondolewa mwaka 1930, mabasi yakachukua njia, naye alikuwa hajazaliwa. Lakini Norumbega aliikuta. Mwaka huohuo wa 1930 waligeuza jumba la michezo kuwa ukumbi wa dansi ulioitwa Totem Pole, na yeye alicheza pale miaka ya 1950, gauni la kijani, viatu vya kuazima. Hakuna pombe iliyouzwa mle, ananikumbusha kila mara, kana kwamba mimi ni mama yake namhoji. Bustani ilifungwa mwaka 1963, ukumbi mwaka uliofuata. Sasa kuna hoteli na kipori cha kutembezea mbwa.

Ule ukanda wa nyasi uliobeba reli upo bado, na Mtanzania yeyote anayependa riadha ameuona kwenye televisheni bila kujua. Mbio za marathoni za Boston, zilizoanza mwaka uleule wa 1897, zinaingia Newton, zinakata kona kwenye kituo cha zimamoto na kushika Commonwealth Avenue, kisha zinapanda vile vilima hadi cha mwisho kiitwacho Heartbreak Hill, kilima cha kuvunja moyo. Hapo ndipo Juma Ikangaa wetu alipopita mwaka 1988 akikabana na Ibrahim Hussein wa Kenya, wakamaliza wakiwa wamepishana kwa sekunde moja tu. Hussein akawa Mwafrika wa kwanza kushinda Boston. Ikangaa akawa wa pili, akarudi mwaka 1989 akawa wa pili, na 1990 akawa wa pili. Baba yangu hajaisamehe ile sekunde hadi leo. Nilipompigia simu nikiwa nimesimama kwenye kilima chenyewe, baada ya shikamoo na marahaba, nikamwambia hapa palikuwa na reli ya tramu. Akaniuliza mwinuko ukoje. Nikamwambia wa kawaida tu, kama wa kupanda boma la Wajerumani. Akasema: "Basi sekunde ile haikuwa ya kilima. Ilikuwa ya viatu."

Treni yenyewe iliugua polepole. Watu walinunua magari, barabara zikapanuliwa, kampuni ikaona tawi la Highland, yaani ile reli ya changarawe, linakula fedha. Treni ya mwisho ilipita tarehe 31 Mei 1958. Bibi alikuwa karani mjini, na kwa mwaka mzima alikwenda kazini kwa basi akichelewa. Kisha likatokea jambo ambalo kwa Marekani ya miaka ile lilikuwa kinyume cha mkondo: badala ya kugeuza njia kuwa barabara, walitandaza waya wa umeme juu ya reli ilipokuwa, wakaleta tramu za mjini, na tarehe 4 Julai 1959 njia ikafunguliwa hadi Riverside. Ndiyo D. Reli ya changarawe ikawa ya mabwana, kisha ikawa yangu.

Lakini majengo ya Richardson hayakuwa na nafasi kwenye hesabu hiyo. Abiria mpya alitarajiwa aje na gari lake, aliegeshe, apande tramu. Kwa hiyo kilichohitajika ni pa kuegesha. Stesheni ya Waban ilibomolewa, pakawa maegesho. Ya Chestnut Hill ilibomolewa, pakawa maegesho. Ya Eliot imekwenda. Ile ya Woodland imesalia, mawe yake na paa lake vyote vipo, ni stoo ya klabu ya gofu ya jirani. Naiona kupitia dirishani kila nikipita, imechuchumaa palepale, inatazama reli kama mzee aliyesahauliwa barazani.

Upande wa kaskazini, kwenye njia kuu, ilikuwa mbaya zaidi. Miaka ya 1890, baada ya kuchoka na ajali kwenye makutano ya reli na barabara, mji ulilazimisha reli ishushwe ndani ya handaki, magari ya farasi yapite juu kwa madaraja. Ni kazi kubwa iliyookoa watu wengi. Miaka sitini na kitu baadaye, walipotaka kuifikisha barabara kuu ya kulipia katikati ya Boston, handaki lile lilikuwa linawangoja. Reli zilikuwa nne, wakaacha mbili, sehemu iliyobaki wakaipanua kwa kubomoa pande zote. Barabara ilifika Boston mwaka 1965. Auburndale, stesheni ya kwanza ya Richardson, iliondolewa kuipisha. Katikati ya Newton Corner, pale tramu ya A ilipokuwa inapita, palichimbwa pakawa mzunguko wa magari ambao wenyeji wanauita mduara wa mauti, na juu ya barabara wakapandisha hoteli. Huko Newtonville duka la vyakula limejengwa juu ya barabara hiyohiyo, unachagua nyanya huku malori yanapita chini ya nyayo zako.

West Newton palikuwa na mtaa wa Wamarekani weusi, umekaa kando ya reli, wameuita tu Kijiji. Kanisa lao la Myrtle Baptist lilianzishwa mwaka 1874, mwaka ambao Newton yenyewe ilianza kuendeshwa kama jiji. Watu wa Kijiji walifanya kazi kwenye nyumba kubwa za mji ule. Kwa miaka mingi wao na reli walikaa bega kwa bega. Barabara ilipokuja, nyumba zao nyingi zilikuwa kwenye mstari. Zilivunjwa, familia zikatawanyika, na katika mji ambao mtu mweusi hakuuziwa nyumba kirahisi kwingine, kutawanyika kulimaanisha kuondoka. Kanisa lipo. Nimesali pale Jumapili moja. Kwaya iliponyamaza, ilisikika barabara, kama bahari.

Mteja wangu wa kwanza alikuwa anaishi upande huo, ndiyo maana navijua vituo vitatu vya treni vilivyobaki pale: Newtonville, West Newton na Auburndale. Ni vipande vyembamba vya lami upande mmoja tu wa reli, katikati ya ukuta na kelele za magari, unavifikia kwa ngazi. Mtu wa kiti cha magurudumu hawezi kushuka. Na kwa kuwa jukwaa liko upande mmoja, treni za kwenda na za kurudi zinagombea reli moja, kwa hiyo ratiba inampendelea anayekwenda mjini asubuhi na kurudi jioni. Sisi tunaokwenda kinyume, tunaotoka mjini alfajiri kwenda kuwaamsha wazee wao, tunaipata inapopatikana. Januari moja nilisimama pale dakika hamsini. Nilimfikiria Richardson. Nilifikiria ile mbao ya paa, na ule moto, na nikamfikiria mama aliyekuwa akishuka Auburndale mwaka 1885 kwenda kufua nguo za watu: huyo alikaa kwenye benchi mimi nimesimama kwenye theluji.

Kipande cha reli ya Upper Falls, kile kilichovuka mto kwenda kwenye vilima vya changarawe, kimeng'olewa, sasa ni njia ya waenda kwa miguu. Nilimpeleka Bibi mwezi wa tano, kwenye kiti chake. Pembeni vichakani kuna mataruma kadhaa yaliyooza. Nikainama nikavunja kipande, nikanusa: harufu ileile ya kreosoti, dawa ya kuzuia mbao zisioze, ya stesheni yetu jua la saa saba. Stesheni ndogo ya zamani ya pale imesimama bado, inauza kahawa. Tulinunua moja tukanywa wawili. Aliniambia yeye alikuwepo siku ya kubomoa Waban. Hakulia, alisema, watu hawakulia kwa ajili ya majengo miaka ile, walikuwa wanataka mambo mapya. Lakini mume wake alirudi jioni na jiwe kwenye buti la gari. Jiwe la rangi ya waridi iliyofifia, ubavu mmoja umechongwa, tatu hazikuchongwa.

Nilikuwa nikilikwepa kwa mguu jiwe hilo kila siku kwa miaka miwili.

Jioni nikampigia baba. Nikamweleza yote, paa, maegesho, jiwe. Yeye kwa sasa anatumiwa na wajukuu video za ile treni mpya ya umeme ya Dar hadi Dodoma, iliyoanza mwaka 2024, anazitazama kwa jicho la mstaafu, anatafuta kosa. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza jiwe la stesheni wanalitumia kufanyia nini nyumbani.

"Kuzuilia mlango usijifunge, baba."

"Mlango gani?"

"Wa gereji."

Akanyamaza. Nikasikia jogoo wa jirani yetu, kwao kulikuwa kunakucha. Kisha akauliza kama ni zito.

Nikamwambia kulinyanyua natumia mikono miwili.